Shina Lililopandwa Mshazari

Kinyozi aliapa kwamba mkono wa kulia wa baba yake utashika mkasi tena, na siku alipoapa hakuwa anatania. Tatizo ni kwamba mkono wenyewe haukuwa na habari. Ulilala mapajani mwa mzee kama mgeni aliyekuja kushinda: unatazamwa, unahudumiwa, hausaidii kazi.

Kiharusi kilimkuta Baba palepale dukani, akiwa amefika nusu ya kichwa cha mteja. Yule mteja, muungwana kweli, alimsindikiza hospitali akiwa na nywele upande mmoja tu. Baba alirudi akivuta mguu, ulimi mzito, vidole vimegoma. Binti yake, kinyozi huyu, ambaye zamani alinyoa kwenye kiti cha pili, akahamia kiti cha kwanza. Mzee akawa anashinda kwenye benchi la wateja, mbele ya tangi lake la samaki.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alikuja na mpira laini wa kufinya.

"Mzee, gumba na kidole cha pili," alisema. "Bana, achia. Bana, achia. Kila siku. Mkono ukizoea kulala, utakaza usifunguke tena." Kisha akamgeukia kinyozi. "Na wewe umsimamie. Wakati wenyewe ndio huu."

Baba aliubana mpira mara moja, kwa adabu. Mtaalamu alipotoka tu, akautupa kwa mkono wa kushoto. Ukatua kwenye pipa la nywele.

"Baba! Hiyo ni dawa."

"Mchezo... wa watoto," ulimi ukajiburuza.

"Mwache baba yako," alisema Mama, aliyekuwa amemletea chai. "Hicho kiburi anacho tangu ujanani. Mimi nilidhani ni haiba, nikaolewa."

Kipara, rafiki wa Baba, ambaye hakuwa na unywele wa kunyolewa lakini hakukosa dukani hata siku moja, alicheka mpaka akapaliwa.

Kinyozi hakucheka. Aliokota mpira, akaupangusa, akautia kwenye droo. Alipoinua macho, yalitua kwenye tangi, na hapo ndipo alipoona jinsi lilivyoharibika.

Lilikuwa tangi la kioo, refu kama benchi lenyewe, na fahari yake haikuwa samaki bali mimea. Baba alipenda ile ya shina, inayosimama wima majini kama penseli na kuzungukwa na majani kila kifundo. Mmoja aliupenda kupita yote: chini ulikuwa wa kijani, lakini kadiri ulivyoikaribia taa ndivyo ulivyoona haya ukawa mwekundu. Aliuita Bi Harusi. Wakati Baba amelazwa, hakuna aliyetia mkasi mle. Mimea ilifika juu, ikakosa pa kwenda, ikajilaza kama mkeka na kuinyima mwanga ile ya chini. Mashina huko chini yalikuwa matupu kama fito za ufagio.

Dawa yake kinyozi aliijua kwa kuona, maana alikua akiiona. Ncha zenye afya hukatwa na kupandwa upya kwenye changarawe. Shina zee hung'olewa likatupwa. Alikunja mikono, akakata, akachukua kibano kirefu cha chuma na kuanza kupanda. Kila alipoachia, kishina kilipanda juu na kuelea.

"Hao ni maboya," alisema Kipara. "Wavalishe na kofia kabisa."

Baba alianza kuguna. Alinyanyuka, akaegemea ukuta, akanyoosha mkono wa kushoto kuomba kibano. Kinyozi akakificha nyuma.

"Mkono ule mwingine, Baba. La sivyo, waendelee kuelea."

Mzee alimkazia macho. Binti naye akamkazia, maana macho yale aliyarithi kwake. Mwisho mkono wa kulia ukatoka ubavuni shingo upande. Kibano kikaanguka majini. Kikaokotwa, kikaanguka tena. Mteja aliyekuwa kitini, sabuni kidevuni, aligeuka kutazama na hakulalamika. Jasho likamtiririka Baba mpaka kola ikaloa. Kisha gumba na kidole cha pili vikakutana, kishina kikabanwa, kikashuka polepole mpaka kwenye changarawe, kikabaki.

Kipara mwenyewe alijikuta anapenga kamasi.

Asubuhi iliyofuata kishina kilikuwa kinaelea. Baba hakusubiri kuombwa, alidai kibano. Ikawa hivyo kila asubuhi: vilivyong'oka usiku vilipandwa upya, na kila mara vidole vilibana vizuri zaidi. Kinyozi alinyoa vichwa huku akiiba jicho kwenye tangi.

Lakini mzee alikuwa fundi, na fundi hujirekebisha. Akaanza kuacha majani mawili ya chini ili yazikwe yawe nanga, na kukichomeka kishina mshazari badala ya wima. Asubuhi moja hakuna kilichoelea. Baba alitabasamu, akarudisha mkono mapajani, akaomba chai. Binti alipomletea mpira, aliutazama kama mtu aliyeletewa chakula cha jana.

Ndipo kinyozi akafanya ujanja. Jioni, kila mtu alipoondoka, alitia mkono tangini na kunyofoa vishina kadhaa, vya Bi Harusi vikiwemo. Asubuhi vilikuwa vinaelea, na Baba akafanya kazi. Kesho yake tena. Mkono ulizidi kuamka; siku moja ulifunga kifungo cha shati, na Mama akaenda kulilia jikoni.

Bi Harusi, hata hivyo, alikuwa anakufa. Mmea unaong'olewa kila siku haupati mizizi. Majani ya chini yalianza kuwa kama kioo, kisha yakayeyuka. Mwani ukatanda juu ya yaliyobaki. Kinyozi aliona, roho ikamuuma, akajikaza. Mkono kwanza.

Jioni moja Baba hakuondoka. Alijilaza kwenye kiti cha kunyolea, taulo usoni, akikoroma. Binti akamwachia usingizi wake. Alifagia, akazima mashine, akakunja mkono wa gauni na kuutumbukiza tangini. Alikuwa amekamata kishina cha pili alipohisi mkoromo umekatika. Akainua uso. Kwenye kioo kikubwa cha ukutani, taulo lilikuwa limeshuka mpaka puani, na juu yake macho mawili.

"Mwizi," alisema Baba.

Neno lilitoka safi, bila mkwaruzo hata kidogo. Wote wawili walishtuka kulisikia.

"Shina la mshazari... haling'oki lenyewe," aliendelea, sasa kwa kujivuta. "Nilijua. Bi Harusi unamng'oa kila siku. Atakaa... lini?"

Maji yalimchuruzika binti hadi kiwikoni. "Mmea nitatafuta mwingine, Baba. Mkono wako nitautafuta wapi?"

Mzee alimtazama kupitia kioo, yeye na kishina chake mkononi, kama mtoto aliyekutwa na sukari. Kisha akajiinua, akauburuza mguu hadi kwenye droo, akaivuta kwa mkono wa kulia. Akautoa mpira. Akaubana. Akaachia. Akaubana tena, meno ameyakaza.

"Mimi huu," alisema. "Wewe... usimguse."

"Simgusi."

"Apa."

Akaapa.

Mapatano yale hayakuwa matamu. Baba aliufinya mpira asubuhi, mchana na jioni, akiutukana kimoyomoyo na mara nyingine kwa sauti. Matusi nayo yakamnyoosha ulimi. Siku nyingine mkono ulikataa kabisa, akaanza upya kesho yake. Ndani ya tangi kulikuwa kimya. Kisha siku moja kinyozi akaona kupitia kioo cha tangi, ndani ya changarawe, uzi mweupe. Mizizi. Majani mapya yakatokea juu, madogo, yamekaza. Bi Harusi akaanza kupanda, na alipoikaribia taa, akaona haya.

Alipogusa juu, Baba alisema, "Mkasi."

Binti akautia katika mkono wake wa kulia. Mkasi ulitetemeka ndani ya maji, ukauma, ukakosa, ukauma tena. Ncha nyekundu ikajitenga na kuelea. Safari hii shina la chini lilikuwa na afya, wakaliacha mahali pake.

"Litachipua mawili," Baba alisema. "Kazi... itaongezeka. Huna haja ya kuiba."

"Umekata upande, mzee," Kipara akachokoza kutoka benchini.

Baba akageuka polepole, mkasi bado unadondosha maji. Akakitazama kiti chake cha zamani, kisha akamtazama rafiki yake.

"Kaa."

"Mimi? Sina nywele!"

"Ndevu unazo."

Kipara alimtazama kinyozi, kinyozi akampangusia kiti. Akakaa, akafumba macho, akashika mikono ya kiti kwa nguvu zote. Kinyozi alimfunga kitambaa shingoni, akarudi nyuma hatua moja, akaikunja mikono yake isije ikasaidia.