Peni Mbili za Papa François

Papa François, kama majirani walivyomwita mzee huyo, alipofariki, aliacha nyumba ya matofali katika mtaa wa Panda, watoto wawili wasioaminiana, na kopo la tumbaku lililojaa skrubu na funguo zisizo na kufuli. Chini kabisa ya kopo hilo palikuwa na sarafu moja ya shaba, pana na nene, nzito kiasi kwamba ukiishika unajikuta unaipima mkononi bila kutaka.

Mkubwa kati ya watoto hao ni Martine, mshonaji, aliyeishi na baba mpaka siku ya mwisho. Mdogo ni Ghislain, muuza vipuri vya pikipiki katika mtaa wa Kikula. Tangu mazishi, Ghislain alikuwa akiwaambia majirani, si dada yake, kwamba vitu vya baba vinapungua. Maneno hayo yalimfikia Martine, akaendelea kushona. Basi sarafu ilipoonekana, walikubaliana kama watu walio mbele ya hakimu: Ghislain akae nayo wiki moja aulizeulize mjini, halafu Martine aitunze mpaka apatikane mtu wa kuitambua.

Mtu huyo alikuwa Papa Godefroid. Miaka thelathini na moja alikuwa amepima shaba katika maabara ya kiwanda, na tangu astaafu alikuwa akikusanya pesa za zamani. Walimfuata Jumapili moja baada ya misa. Martine aliitoa sarafu ikiwa imefungwa katika kitambaa, akamkabidhi mzee bila kuifungua.

Papa Godefroid aliifungua, akaikuta upande wa kahawia ukiwa juu, wenye mchoro wa mwanamke aliyeketi ufukweni. Aliiweka kwenye mizani yake ndogo.

“Gramu makumi tano na tano na nusu.” Akachukua rula. “Milimita makumi ine na moja.” Kisha akavaa miwani. “Hii ni ya Uingereza. Muangalie herufi. Kwa sarafu zingine herufi zinasimama juu. Hapa zimezama ndani ya huu mukanda mupana wa pembeni. Walitengeneza hivi mwaka 1797, ya peni moja na ya peni mbili. Ya peni moja iko na nusu ya uzito huu. Basi hii ni peni mbili.”

“Juu ya nini iko nzito hivi?” Martine aliuliza.

“Walitaka shaba yenyewe iwe na bei karibu sawa na ile pesa. Muntu akitia nne katika mufuko, suruali inashuka.”

Wote walicheka kidogo. Ghislain alisogeza kiti. “Basi ni bei gani, papa?”

“Ngoja. Jina tumejua. Sasa tuone hali yake.”

Alishika kioo cha kukuzia. Alisema mawimbi yalikuwa bado yanahesabika, na chini ya ngao neno dogo SOHO, jina la kiwanda, lilikuwa linasomeka vizuri. Nguo ya yule mwanamke ilikuwa imelika kwenye goti tu. “Na hii rangi ya kahawia, muone. Hii njo ngozi ya shaba. Inachukua miaka mingi kuota. Upande huu ni muzuri sana.”

Kisha akaigeuza.

Upande huo, wenye uso wa mfalme, uling'aa wekundu kama sufuria mpya. Ghislain aliuona, akamgeukia dada yake, akafungua kinywa, akakifunga. Martine alikuwa akingoja kelele zake. Kimya kile kilimshangaza.

“Hapa walisugua,” Papa Godefroid alisema polepole. “Ndimu na chumvi, labda na majivu. Hii mistari midogo yote ni ya kusugua. Nywele za mfalme zilikuwa na nyuzi, sasa ziko laini.” Akaizungusha kwenye mwanga wa dirisha. “Na hapa pembeni, tupa. Muntu alikata kidogo aone kama ndani kuna dhahabu.”

“Labda ni alama ya zamani,” Ghislain alisema haraka.

“Hapana, mutoto wangu. Shaba ikikatwa, baada ya muda jeraha linafifia. Shaba nimeiangalia miaka mingi. Hili liko jekundu bado. Halina miezi miwili.”

Mama Henriette, mke wa mzee, alikuwa amefika mlangoni na chai. Aliwatazama, akarudi nayo jikoni.

“Kusugua ni minye,” Martine alisema. Macho yake yalikuwa mezani. “Niliwaza, wakiiona chafu watatupatia bei ya vyuma chakavu, na Ghislain atasema nilificha ile muzuri nikaleta mbaya. Nilimaliza upande mumoja, ndimu zikaisha.”

Ghislain alisugua magoti yake, akamgeukia dada yake mkubwa.

“Tupa ni yangu, yaya. Mununuzi mumoja wa vyuma aliniambia dhahabu inaweza kufichwa chini ya shaba. Nikakata. Niliwaza kama ni dhahabu, weye nikuambie mwisho.”

“Mwisho namna gani?”

“Labda nisikuambie.”

Neno hilo lilimuuma Martine, lakini lilikuwa neno la kwanza la kweli alilolisikia kwa ndugu yake tangu msiba. “Na weye njo unapita kwa majirani unasema vitu vinapungua,” alisema.

“Hii imepungua kweli,” Papa Godefroid alisema, akiangalia ile alama ya tupa. Martine alijizuia, akashindwa, akacheka mpaka akafuta macho. Ghislain hakuthubutu kucheka, ila mabega yake yalishuka, na Mama Henriette akaleta chai.

Mzee aliandika kwenye karatasi: jina, mwaka, uzito, hali ya kila upande. “Bila ndimu na bila tupa, mukusanyaji angelipa dola mia moja, labda kupita. Hivi ilivyo, makumi tatu, na huyo mununuzi yuko Ulaya. Ila musisugue huu upande wa pili ili zilingane!”

“Ibakie kwenu, papa,” Martine alisema akisimama. “Sisi wawili hatuaminiki.”

Njiani Ghislain aliomba msamaha. Walipofika kwenye njia panda, Martine alisimama.

“Wale uliowaambia,” alisema, “uwaambie tena weye mwenyewe.”

Jumamosi iliyofuata Ghislain alikwenda Panda, akaanza nyumba moja moja, akisimama mlangoni na kofia mkononi. Nyumba ya tatu ilikuwa ya Mama Clotilde, ambaye masikio yake yamechoka.

“Unasema nini?”

“Ninasema, yaya Martine hakuiba kitu!”

“Nani aliiba?”

“Hakuna muntu aliiba! Nilisema uongo!”

Barabara nzima ilisikia, hata watu waliokuwa kisimani. Martine, aliyekuwa kwenye cherehani dirishani, alimalizia mshono aliokuwa nao, akakata uzi. Kisha akaenda jikoni, akaongeza maji katika sufuria ya bukari, ugali wa siku hiyo, na unga wa mtu mmoja zaidi.