Kuni za Nyumba ya Kisiwani

Naanza kwa jina la Mola Karimu, aliyeumba moto akaumba na maji, akampa mwanadamu akili ya kuvikutanisha chunguni ili ale ashibe, kisha akamtahini kwa riziki ya jirani yake. Rehema na amani zimshukie Mtume wake, na aali zake, na sahaba zake. Ama baada ya hayo: hiki ni kisa cha wivu, na wivu haukai bila watu, basi na tuwapange mmoja mmoja kabla hawajaanza kugombana.

Wa kwanza ni Bwana Makaskili, Mskoti, mwenye shamba la kahawa kwenye miteremko ya Meru, miaka michache baada ya vita vikuu vya pili, nchi ikiwa mkononi mwa Mwingereza. Alizaliwa katika kisiwa cha mbali huko kwao, kisiwa cha upepo na kondoo, ambako mti mmoja uliosimama wima huonyeshwa watoto kama ajabu. Wa pili ni Sumari, Mmeru, muumini wa Kilutheri, mpishi wa Bwana huyo tangu ndevu zake zikiwa nyeusi. Wa tatu ni Eunike, mke wa Sumari, mama wa Ruth. Wa nne ni Lomayani, Mwarusha wa Terrat, mume wa dada yake Sumari, tajiri wa ng'ombe na tajiri zaidi wa maneno. Wageni watakuja baadaye, kama ilivyo ada ya wageni.

Ndani ya shamba lile palikuwa na kipande cha ardhi kilichobanwa na mikono miwili ya mto. Kiangazi mtu huuvuka kwa kuruka mawe; masika yakikolea, hapavukiki ila kwa ulalo, gogo kubwa lililolazwa kutoka ng'ambo hata ng'ambo. Bwana Makaskili alikipenda kipande hicho kuliko shamba lote, akakiita kisiwa, akajenga hapo nyumba ya mawe, fupi, yenye kuta nene na madirisha madogo, mfano wa ile aliyozaliwa. Wazungu wa Nairobi na wa Arusha mjini wakawa wanakuja kupumzika humo kwa malipo, na Sumari akiwapikia.

Na alikuwa anapika! Kuku wake alitoka jikoni akiwa na ngozi inayong'aa kama kiatu cha hakimu. Mgeni akimaliza kula, huinuka akaingia jikoni kumpa mkono, na mkono ule Sumari hakuuosha upesi.

Basi siku moja Bwana Makaskili alimwita barazani, akamwambia:

"Sumari, nimekumbuka desturi ya kwetu. Mama yangu alikuwa na nyumba kama ile. Wageni walikuja kwa mashua, na vyakula vyao. Mama aliwasha moto, akaweka mezani mkate, maziwa na mayai, akawaachia ufunguo, akaenda zake. Wakapika wenyewe. Walifurahi sana. Nataka iwe hivyo."

Sumari akadhani amesikia vibaya. "Bwana, wageni wapike wenyewe?"

"Wenyewe."

"Na vyombo?"

"Wataosha wenyewe."

"Sisi husema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Bwana anampa jembe hajavua kofia!"

Mzee akacheka mpaka kikohozi kikamkamata. "Wewe utanipikia mimi hapa nyumba kubwa. Ufunguo wa kisiwani atashika Mama Ruth. Ni kazi ya kukaribisha, na yeye ana mkono wa kukaribisha."

Maneno hayo ya mwisho yalimwingia Sumari kama mwiba wa samaki: haumezeki, hautemeki. Mshahara wake haukupungua hata thumni. Lakini Bwana Makaskili hakuwa na meno ya kutosha. Chakula chake kilikuwa supu na viazi vya kuchemsha, leo na kesho. Fundi aliyezoea kushona majoho akageuka mtu wa kutia viraka.

Eunike naye akang'ara. Alikusanya kuni za mibuni iliyopogolewa, kavu zenye kuwaka kwa sauti, akazipanga ghalani mwa nyumba ile mstari juu ya mstari. Siku ya wageni alivuka ulalo na kibuyu cha maziwa, mayai kikapuni na mkungu mdogo wa ndizi mbivu. Akawasha moto katika jiko la chuma, akafagia, akaweka ua moja gilasini, akawapokea mlangoni, akarudi. Hakuna zaidi ya hayo. Na wageni wakaondoka wakimtaja yeye! Walimwachia mabaki ya vyakula vyao, nusu kopo ya jamu, majani ya chai, sabuni yenye harufu ya maua. Jioni Eunike aliviweka mezani kwa furaha ya mtoto.

"Onja, Baba Ruth. Ni jamu ya matunda ya kwao."

Sumari alionja. Ilikuwa tamu, na utamu huo ndio uliomuudhi.

"Sukari imezidi," akasema.

"Mbona unaongeza?"

"Nahakikisha."

Pengine yote yangepita na siku, lau si soko la Jumamosi. Sumari alikuwa akichagua vitunguu vya supu ya Bwana wake aliposikia sauti nyuma yake:

"Wenyeji! Mpisheni mume wa Mama Funguo!"

Alikuwa Lomayani, amekuja kununua ndizi, mgolole begani na fimbo mkononi, uso wote meno.

"Shemeji, acha mzaha," alisema Sumari.

"Mzaha gani? Nimeambiwa siku hizi ukirudi nyumbani unapiga hodi. Ni kweli, au unaingia kwa dirisha?"

Wauza vitunguu wakacheka. Lomayani akapata nguvu.

"Sisi kwetu mwanamume akinyang'anywa kundi huhama. Wewe umenyang'anywa sufuria, na bado unachagua vitunguu! Dada yako ananiuliza, nimwambie nini?"

"Mwambie amekosea kuolewa."

"Hilo analijua tangu mwaka wa kwanza!"

Wakaagana kwa kucheka, kama mashemeji wanavyoagana. Lakini njia nzima ya kupanda mlima Sumari hakuona migomba wala mifereji. Aliona mkono wa kukaribisha. Alimwona mkewe kwenye mlango wa nyumba ya mawe na mzungu akiinama kumshukuru. Akauliza moyoni kama shukrani hiyo iliinama kupita kiasi, na akajua kuwa haikuinama kupita kiasi, na kujua huko hakukumpoza. Maana si mzungu aliyekuwa akimwonea wivu. Alikuwa akimwonea wivu mkewe. Ni jambo gumu kulikiri, mtu kumhusudu yule anayelala naye kitanda kimoja.

*Wivu ni moto wa ndani,*
*haufuki hadharani,*
*hula kuni za moyoni,*
*mwenyewe asitambuwe.*

Jumapili Eunike alipokuwa kanisani na kwaya, Sumari alisema kichwa kinamuuma. Ufunguo ulining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango, mahali pake pa kila siku, kwa kuwa nyumba yao haikuwa na mtu wa kufichwa kitu. Akauchukua. Akavuka ulalo, akafungua ghala, akazipangua zile kuni za mibuni, akazimwagia maji ya mfereji ndoo baada ya ndoo hata sakafu ikawa dimbwi. Kisha akazipanga upya jinsi alivyozikuta, na juu yake akalaza safu moja kavu, kama mfanyabiashara mbaya apangavyo machungwa. Hesabu yake ilikuwa rahisi: wageni wa kesho watawasha, utatoka moshi, watakohoa, watalalamika, Bwana Makaskili atasema, "Desturi ya kwetu haifai huku, Sumari, rudi jikoni kwako."

Wageni wakaja kesho yake: mwalimu kijana Mwingereza, mkewe, na mtoto wao mchanga. Eunike akawasha moto kwa zile kuni za juu, ukawaka vizuri. Akawapokea, akarudi akiimba. Sumari akangoja.

Alichokingoja hakikuja, ikaja mvua. Masika yale yalianza kama mtu aliyetumwa kwa hasira. Mlima ukafunikwa, mifereji ikafurika mashambani, na kabla ya adhuhuri ya siku ya pili mto ukauinua ulalo, ukauzungusha, ukaondoka nao. Kisiwa kikawa kisiwa cha kweli.

Alasiri Eunike alisikia ukelele. Alikimbilia ukingoni, na Sumari nyuma yake. Ng'ambo alisimama yule mama wa kizungu, nywele zimemgandama usoni, mtoto amemfunga kifuani ndani ya koti.

"Mama! Moto hakuna!" alipaza sauti kwa Kiswahili chake cha vipande. "Kuni maji! Mafuta ya taa kwisha! Mtoto baridi, maziwa baridi!"

"Kuni maji?" Eunike alijiuliza. "Kuni zangu? Bati halivuji lile." Lakini hakukaa kulifikiri. Katika mlima ule mtu akija kuomba moto hapimwi kabila wala dini. Humegewa kaa jekundu, na anayemnyima ndiye atakayelala gizani. Alirudi mbio, akajaza chungu makaa, akayazika katika majivu, akakifunika kwa kigae na majani ya mgomba, akajifunga mgongoni mzigo wa kuni kavu za nyumbani ndani ya ngozi ya ng'ombe. Akaelekea juu, kwenye banio la mfereji, ambako mawe makubwa huupanua mto. Maji yalikuwa yamekwisha kuyameza mawe yote. Akakaza kanga kiunoni, akajitwika chungu, akatia mguu.

Sumari aliona maji yakimfika magotini, kisha mapajani. Aliona mwili wa mkewe ukiyumba. Ndipo ule moto wa ndani ukamwangazia jambo ambalo hakuliweka katika hesabu yake: kwamba moshi alioutega kwa ajili ya wageni ungeweza kuwa matanga ya mama wa Ruth.

"Eunike! Rudi!"

"Mtoto anakufa na baridi!"

Akaruka majini, akamshika mkono, akamvuta hata ukingoni. "Nipe chungu."

"Wewe? Wewe hukuwataka wageni hawa hata siku moja."

"Nipe moto, Mama Ruth. Ni wangu kuupeleka."

Eunike alimtazama. Kitu fulani katika neno *wangu* alikisikia akakiweka moyoni. Akampa chungu, akajifungua ule mzigo wa kuni, akamfunga yeye mgongoni.

Mto ulimpiga Sumari kama mwenye kisasi. Katikati jiwe lilimkwepa, akazama hata kidevu. Mikono yake miwili ikabaki juu imeshika chungu. Alipotambaa kwenye ukingo wa pili, goti lilikuwa limepasuka, na makaa bado yalikuwa mekundu chini ya majivu.

Ndani ya nyumba ya mawe aliwasha jiko. Moto ulipoinuka, mkono wake wenyewe ukaenda kwenye sufuria.

"Hapana, mzee," alisema mwalimu akiichukua. "Wewe umeumia. Keti."

"Bwana, mimi ni mpishi."

"Najua. Mkeo alituambia jana mlangoni, kwamba mumewe ni mpishi bora wa mlima mzima, na tusimkaribishe chakula chetu, tutaaibika." Akatabasamu kwa haya. "Sasa nitaaibika."

Sumari akaketi. Mtoto alipewa maziwa ya moto, akanyamaza. Mwalimu akakoroga uji wa shayiri kwa namna isiyo na jina, mara mbio, mara asahau. Mabonge yakaundwa mbele ya macho ya Sumari, na mikono ya Sumari ikafungwa magotini isiyasaidie. Akatiliwa bakuli. Uji ulikuwa na chumvi badala ya sukari, na mabonge kama changarawe. Akala wote. Hakuweza kujua ni kipi kilichokuwa kigumu zaidi kumeza, mabonge yale au lile neno la mlangoni. Bila shaka kwa kila mgeni aliyekuja, mwanamke huyu alikuwa akimtaja yeye, Sumari!

Na bado, nisiwadanganye, wivu haukumtoka. Hata pale alifikiri: *Kwa nini asiniambie mimi?*

Mto ulipungua asubuhi, watu wa shamba wakalaza gogo jingine. Eunike alivuka wa kwanza. Aliwasalimu wageni, akambeba mtoto, kisha akaingia ghalani peke yake. Alipapasa bati: kavu. Akapapasa sakafu: tope. Akatoka, hakusema neno mbele za wageni.

Alisema nyumbani, akichambua mboga.

"Baba Ruth, maji hupandaje kutoka sakafuni yakalowesha kuni za katikati, yakaziacha za juu?"

"Hayapandi," alijibu Sumari. "Humwagwa."

"Na mtu."

"Na mtu. Nilikuonea kijicho, Mama Ruth."

Eunike hakulia, wala hakupiga kelele, aliendelea kuchambua. Mwishowe akasema: "Sitamwambia Bwana Makaskili. Lakini tangu leo kuni za kisiwani utapasua wewe, utaanika wewe, utazibeba wewe hadi ghalani. Mimi nitafungua mlango, wewe utaingia, nami nitafunga."

"Shemeji yako Lomayani atacheka."

"Atacheka. Na wewe utakuwa umebeba kuni."

Ikawa hivyo. Watu walimwona mpishi mkubwa akivuka ulalo na mzigo kichwani, na Lomayani hakukosa la kusema kila soko. Moshi ulipoinuka juu ya nyumba ile, Sumari husimama na kuutazama, na mwiba wake ukamchoma kidogo; kisha huinama akachukua shoka, kwa maana moshi mweupe mwembamba ni alama ya kuni zilizokauka, na zilizokauka zilikuwa zake.

Ila ule msumari nyuma ya mlango ulibaki mtupu. Ufunguo Eunike aliutia uzi, akauvaa shingoni, akalala nao. Sumari aliuona msumari ule kila alipofunga mlango, na hakuwahi kuomba ung'olewe.

Hao wote wamekwisha kwenda zao, na hesabu yao iko kwa Asiyedhulumu. Sisi tuliosalia, Ewe Mola, utujaalie macho ya kufurahia riziki ya walio karibu nasi. Utulindie nyumba zetu zisihitaji kufuli baina ya mume na mke. Anayekuja kuomba moto akute kwetu kaa lililo hai, na mkono usiosita kulitoa. Amina.