Rufaa ya Baba na Vidole Kumi

Bunduki ya marehemu babu ilipopasuka, baba yangu Verlin alikwenda kununua yake ya kwanza kabla msimu wa kuwinda kulungu haujaanza. Alijaza fomu, muuzaji akapiga simu serikalini kumkagua, kisha akarudi amenywea.

"Wamekukatalia, Verlin."

Duka lilikuwa limejaa majirani. Baba huyu husimama kwenye taa nyekundu hata barabara ikiwa na ng'ombe tu! Jumapili kanisani walitukwepa, tukaachiwa benchi zima.

"Verlin, uliua mtu kabla hujanioa?" mama akauliza.

"Ningeua, ningeanza na mama yako."

Lakini alisukuma sahani yake kando. Nikachukua karatasi aliyopewa dukani. "Baba, hapa pana namba. Una haki ya kuambiwa sababu, na wakikosea, ukate rufaa."

"Tilda, mwanangu, nani hushindana na serikali?"

"Mwenye jina lake la kulinda."

Tukaandika. Jibu likaja: Verlin Haugstad, tarehe ya kuzaliwa ileile, alifungwa Minnesota kwa kuiba pikipiki ya theluji. Akipinga, atume alama za vidole.

Kituoni askari alimpaka baba wino kidole kimoja kimoja. Baba mdogo Orlin, pacha wake, alikuwa amekuja kutucheka.

"Si alama zetu zinafanana?" akauliza.

"Sura mmegawana, mzee. Vidole kila mtu na vyake."

Orlin akaacha kucheka. Garini akasema, "Kaka, ni mimi. Waliponikamata nilitaja jina lako."

"Kwa nini langu?"

"Shuleni nilipolitaja, walimu waliniachia."

Baba akaegesha gari kando ya barabara. "Ulituambia ulikuwa unakata mbao."

"Gerezani pia tulikata mbao."

Mimi nilicheka. Baba alijikaza, mabega yakamsaliti.

Barua ya pili ilifika Alhamisi, siku mbili kabla ya msimu kufunguliwa: alama si zake, katazo limeondolewa. Baba alikaa kwenye ngazi za baraza, akavuta pumzi kama mtu aliyetua gunia. Kisha akampa Orlin ile barua. "Twende dukani. Utaisoma wewe."

Orlin aliisoma mbele ya wote, masikio mekundu, kisha akaongeza, "Mwizi ni mimi."

Muuzaji akashusha bunduki ukutani. "Na sisi tukaamini! Verlin hawezi kuiba hata usingizi kwenye mahubiri."

"Jumapili," baba akasema, "mtakaa kwenye benchi letu. Wote."