Kompyuta Moja kwa Kikosi

Siku waliyomtuma Pweza dukani kuchagua kompyuta ya kuzamia, ile ya kuvaa mkononi kama saa, alitoka nyumbani akiwa na furaha. Furaha yenyewe haikumaliza hata nusu saa.

Pweza ni jina alilopewa kazini, maana akiwa majini hana mkono unaolala. Yeye na shemeji yake, mdogo wa mumewe, ndio wazamiaji wa bwawa la umeme. Wanasafisha wavu wa chuma unaozuia magogo na takataka zisiingie kwenye mitambo. Mmoja hushuka hadi sakafuni, mwingine hushika sehemu ya juu. Na tangu enzi za waliowatangulia, kikosi kina saa moja tu ya mkononi. Mwenye saa akivuta kamba, wote wanapanda.

Mwezi uliopita saa ilikuwa kwa Pweza, naye alikuwa juu. Shemeji alikuwa chini kabisa. Pweza akahesabu dakika, akavuta kamba, wakapanda. Dakika zilizomtosha aliye juu zilimzidi aliye chini. Hewa aliyovuta kule kwenye kina ilikuwa imempenya hadi kwenye damu, na alipopanda ikageuka mapovu ndani ya maungio. Siku tatu alilazwa hospitalini kwenye chumba cha mgandamizo wa hewa, akilia kama mtoto, mtu mzima na ndevu zake. Daktari akasema akirudi majini awe na kompyuta yake mwenyewe mkononi.

Yake mwenyewe! Hata mtoto wa chekechea analijua hilo, hiki changu, hicho chako. Lakini hebu mwambie Bwana Ununuzi, afisa aliyefuatana na Pweza dukani, uone kama atakuelewa.

Muuzaji alipanga kompyuta kadhaa juu ya kioo. Pweza akatoa kwenye mkoba glavu zake nene za kazi, akazivaa, akaanza kubonyeza. Moja ilikuwa na vitufe vidogo kama punje za mtama, akairudisha. Nyingine ilikuwa na maandishi membamba, na kwenye maji ya tope utasoma nini hapo? Akafika kwenye nyeusi, haina urembo wowote, namba zake kubwa, mkanda wake mrefu wa kupita juu ya suti, na inalia ukipanda haraka.

"Hii," akasema. "Nipe mbili."

"Mbili za nini?" Bwana Ununuzi alikuwa keshajivika moja yenye kioo cha rangi, anaigeuzageuza kwenye mwanga. "Tunachukua hii. Ya kisasa. Inaunganishwa na simu."

"Chini ya maji nampigia nani simu?"

Muuzaji akacheka, kisha akajifanya anakohoa.

"Dada, usipandishe hasira. Fomu inasema kifaa kimoja kwa kikosi. Kamba moja, sanduku moja la zana, kompyuta moja. Si mnashuka pamoja? Mmoja asome, mwenzake afuate."

Lo! Pweza alizivua zile glavu taratibu, kidole kimoja kimoja, maana angezivua haraka angempiga nazo mtu.

"Afuate? Mwezi uliopita alimfuata nani? Si alinifuata mimi! Bwana wee, hiki kitu kinamhesabu aliyekivaa. Amekaa kina gani, muda gani, mwilini mwake kumeingia nini. Wewe ukimeza dawa, mkeo atapona?"

Bwana Ununuzi akampigia meneja. Meneja akasema moja, akakata simu.

"Sawa," Pweza akasema. "Basi iwe ile nyeusi. Ya shemeji." Bwana Ununuzi akasaini mbio mbio, akidhani ameshinda.

Jumatatu asubuhi, Pweza alimfunga shemeji yake ile kompyuta mkononi, halafu akaketi kwenye ngazi za ukuta wa bwawa, suti yake ikiwa imekunjwa mapajani. Kanuni inasema hakuna anayezamia peke yake. Wavu umejaa, mitambo inakohoa, fundi wa mitambo anapiga simu kila dakika tano. Meneja akaja mwenyewe, jasho linamtiririka.

"Mbona hujavaa?"

"Sina kompyuta."

"Si hiyo hapo!"

"Hiyo ina mwenyewe."

"Unagoma, siyo?"

Pweza akaibana suti mapajani. Shemeji akamsogelea, akanong'ona, "Shemeji, yaishe basi. Nitakaa karibu na wewe. Watatufukuza bure."

"Wewe nyamaza!" Sauti yake ikagonga ukuta wa pili, ikarudi. "Unafikiri mimi nalala usiku? Nilikuvutia kamba ukapanda, ukaanguka miguuni pangu! Sikuvutii tena mimi. Wanifukuze!"

Meneja akatazama maji, akatazama viatu vyake. Kompyuta ya pili ilifika kabla ya saa sita mchana, nyeusi vilevile, na wakashuka wawili, kila mtu na hesabu yake.

Unadhani yaliishia hapo? Jioni mtunza stoo kawasubiri mlangoni na sanduku, ati vifaa vya kikosi vinalala stoo, kesho atakayewahi atachukua kompyuta atakayoikuta. Pweza akampita kama hakumwona.

Nyumbani alikuwa anaosha vyombo nayo mkononi, bado amenuna. Mumewe akasema, "Si uivue hiyo?"

"Haijamaliza kunihesabu. Hewa inatoka mwilini polepole."

Mume akaitazama ile kompyuta. Mwezi mzima hakuwahi kumlaumu mkewe kwa yaliyompata mdogo wake, wala hakuwahi kumwambia kwamba hamlaumu. Akachukua simu, akampigia mdogo wake.

"Umeivaa?" Akasikiliza. "Usiivue. Shemeji yako kaipigania."

Akaweka simu, akamwondolea mkewe sufuria mikononi, akasema, "Kaa. Hizi nitaosha mimi."

Pweza akakaa, na hapo ndipo alipolia, bado ana hasira.