Watu Wangapi Ukiugua

Mdomo wangu huu! Marehemu mama alisema utaniponza, na umeniponza kweli, tena nyumbani kwa watu, mbele ya mgeni wa serikali.

Wapimaji walifika kijijini kwetu Ura. Nchi nyingine hupimana kwa fedha tu. Sisi Bhutan tunapima na raha ya moyo, na safari hii kura ilimwangukia jirani yangu, dada Choden. Alivyojivuna! Alifua vazi lake la sikukuu, akakoroga chai ya siagi, akampigia simu binti yake Yangki aje kutoka mji mkuu, Thimphu.

"Huko Australia aliko mwanangu wana magari," aliniambia, "lakini nani aliwahi kuwauliza kama wamelala vizuri? Mimi naulizwa! Na mwanangu awepo, wasije wakaandika kwamba mjane wa Ura ametupwa."

Hilo alilihofia kuliko njaa. Yangki akaja, keki ya dukani mkononi, kucha zimepakwa rangi. Mimi nikaitwa jikoni kukaanga chapati.

Mpimaji alikuwa kijana mwenye adabu, jina lake Tshewang. Alipokaribishwa chai alifunika mdomo kwa kiganja, akakataa mara mbili kama inavyotakiwa, ya tatu akapokea. Kisha akaanza maswali yake. Unalala vizuri? Unasali? Una wivu?

"Wivu wa nini, mwanangu? Nina ng'ombe, na wanangu wazima."

Tukacheka wote.

"Na ukiugua, mama, unaweza kuwategemea watu wangapi?"

"Watatu," akajibu bila kusita. "Yangki huyu hapa, na kaka zake wawili. Yule wa Australia nikikohoa tu, anapanda ndege."

Yangki akatazama kucha zake.

Damu ikanipanda. Wakati wa theluji, homa ya mapafu ilipomshika Choden, nani alimbeba mgongoni mpaka barabarani? Nani alimlisha uji? Yangki tulimpigia simu, akasema yuko mkutanoni. Huyo wa Australia alituma picha ya maua. Na mimi hapo, masizi usoni, sihesabiwi hata nusu mtu!

"Hee! Watatu gani hao?" nikaropoka. "Mbona wakati wa theluji hatukuwaona? Ulipokuwa unajinyea kitandani, dada, nani alikufuta? Yangki? Sema basi, mgeni asikie!"

Yangki alitoka nje bila hata kuvaa viatu. Tshewang akainamisha kichwa. Choden aliipapasa nguo yake safi mapajani, kama anatafuta doa. Hapo ndipo nikajua nimefanya nini. Nilitaka kuwaumbua wanawe, kumbe nimemvua nguo yeye. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Mama," kijana akasema taratibu, "nibadilishe jibu?" Akanitupia jicho. "Niandike mmoja?"

Na mimi, sina haya, moyo ukanichezea kidogo kwa furaha.

"Andika hakuna," akasema Choden.

"Na mama huyu?"

"Hakuna, nimekwambia. Aliyenifuta ndiye huyu aliyenianika. Nitamtegemea vipi tena?"

Kijana akaandika. Nikarudi jikoni, nikakuta chapati zimeungua, nikazililia.

Jioni nilipika pilipili na jibini, chakula anachokipenda kuliko vyote, nikakipeleka kingali moto. Alifungua mlango mwenyewe. Yangki alikuwa ameshaondoka.

"Dada, pokea kidogo."

Akafunika mdomo kwa kiganja. Miaka yote ya ujirani wetu hakuwahi kunifanyia hivyo. Huingia jikoni kwangu akajipakulia. Mdomo hufunikwa mbele ya wageni tu.

"Pokea, dada, nakuomba."

Akatikisa kichwa, kiganja hapo hapo. Nikajipa moyo: ndiyo desturi, hukataliwa mara mbili. Nikainua bakuli kwa mikono miwili, nikamkaribisha mara ya tatu.

Alisema asante, kwa adabu sana, akafunga mlango, bakuli bado mikononi mwangu.