Ratomir Apimwa Usimamizi

Ratomir alikuwa amesimamia kiwanda cha kuchoma pilipili hoho miaka kumi na tisa, na leo Vukosava, mtahini kutoka Belgradi, alikuja kumpima kama gunia. Walikaa katikati ya moshi mzito, madirisha yote yamefungwa.

"Moto ukizuka, unaanza na nini?"

"Nahakikisha madirisha yamefungwa, dada. Kisha nawatoa watu kwa mlango mmoja tu. Ukifungua miwili, upepo unapita katikati unawapiga shingo, na kila mama wa Serbia hutuonya tangu utotoni kwamba upepo huo huua."

"Kwa hiyo bora waungue?"

"Kuungua kuna dawa."

Vukosava akamwandikia sifuri, akakohoa, akainuka kufungua dirisha. Nyuma yake mlango ulikuwa wazi. Wafanyakazi ishirini wakaacha hoho zao, wakajishika shingo kama wako matangani.

"Mama yako angekuona hapo," Ratomir akasema taratibu, "angesemaje?"

Vukosava akausikia upepo kisogoni. Akafunga dirisha mbiombio, akaivua skafu shingoni mwa Ratomir na kujizungushia, akafuta sifuri na kuandika mia. Kwenye sehemu ya mapungufu akaandika: tundu la ufunguo halijazibwa.