Zamu ya Jumanne

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Anselmo alipewa jembe siku hiyo hiyo ya kwanza, na wala hakunung'unika. Alikuwa kijana wa Kimakonde aliyevuka Ruvuma na baba yake kuja kukata mkonge huku tambarare za Same. Mkonge ulipomchosha akapanda mlimani, akaomba kashamba, akalima. Mwaka sabini na nane, mgambo walipotakiwa vitani Kagera, akaweka jembe, akabeba bunduki. Alisema nchi iliyokulisha huiachi ikipigwa.

Leo ana miaka sabini na ushee, goti moja halikunji, na anachoogopa si risasi tena. Anaogopa daftari la Rodrick.

Rodrick ni katibu wa kamati ya maji, mtu wa juzi tu, lakini kwa utaratibu humwezi. Maji ya ndiva, lile bwawa linalonywesha mashamba ya kijiji kizima, yamepungua. Basi kamati ikaamua: zamu ni za kaya zilizochimba ndiva kwa msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kijiji, mwaka sabini na tisa. Wengine wasubiri masalia. Na Anselmo amemwagilia kila Jumanne tangu arudi vitani. Bila Jumanne tangawizi yake itakauka, na hana kingine cha kumweka mjini wala kijijini.

"Shikamoo mzee," Rodrick alisema mkutanoni.

"Marahaba."

"Mzee wangu, wewe ulichimba?"

Loo! Uongo ulikuwa umeshafika mdomoni. Waliochimba karibu wote wamezikwa, nani angembishia? Labda Anaeli, jirani yake, aliyekaa benchi la mbele na fimbo yake. Hao wawili hawajasalimiana tangu mwaka juzi, kisa masale, ile mimea ya kuonyesha mpaka wa mashamba yao.

"Sikuchimba," Anselmo akasema. "Nilikuwa Uganda."

Rodrick akashika kalamu, na uso wake ulionyesha kweli kwamba hakupenda kumfuta mzee.

"We katibu, hebu weka hiyo kalamu!" Anaeli alikuwa ameshasimama. "Pembe ilipolia, kila kaya ilipimiwa kipande. Walipofika cha huyu, watu wakasema kirukeni, Mmakonde ameshakufa huko. Nikasema pimeni! Wiki tatu nzima, asubuhi nachimba changu, jioni chake. Mikono ilichubuka mpaka mke wangu akawa ananilisha ugali."

Anselmo akamgeukia jirani yake.

"Anaeli, miaka yote hii hukuniambia."

"Ningekuambia nini? Ulirudi umekonda, sufuria ikianguka unalala kifudifudi. Nilisema moyoni, akikuta maji yanaingia shambani kwake, atajua amefika kwao."

Machozi yalimtoka Anselmo mbele za watu, na hakuyafuta.

"Andika Jumanne," Anaeli alimwamuru katibu, akaketi. "Na masale yake yako kwangu hatua mbili. Hilo sijalisahau."

Jumanne asubuhi Anselmo alifungulia maji yakaingia kwenye tangawizi. Kisha akabeba jembe mpaka mpakani, akang'oa masale yote, akayapanda upya hatua tatu nyuma, ndani ya shamba lake.